Mpwa wangu alipoacha nipa

Kwetu Umakondeni mtoto akiharibikiwa haitwi baba yake kwanza, anaitwa mjomba. Ukoo unafuata upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayekaa mbele kwenye kikao, ndiye pia anayelaumiwa kikao kikivunjika bila jibu. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu kutoka kijijini, wilaya ya Tandahimba, akaniambia, "Kaka, njoo umwone mwanao, hali si hali," sikuwa na pa kujifichia. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, msimu wa korosho umepamba moto, magunia yamefika dari. Niliomba ruhusa nikapanda boda.

Haya ya mpwa wangu, ya pombe na ya kutaka kujiua, naandika kwa ridhaa yake. Amesoma kila aya. Aliniomba nisitaje jina lake, kijiji, wala njia aliyotumia siku ile mbaya. Hilo la mwisho ningelizingatia hata asingeniomba: Shirika la Afya Duniani huwaasa waandishi wasieleze njia mtu aliyoitumia kujiua au kujaribu kujiua, kwa sababu maelezo hayo humsukuma mwingine ambaye naye yuko pabaya.

Msimu wenyewe ulikuwa wa 2018/2019, ule wa serikali kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi kubeba korosho. Kusini hakuna asiyeukumbuka. Mpwa wangu yeye alikuwa ameshauza kangomba. Kwa msomaji wa mbali, kangomba ni kumuuzia mchuuzi korosho mapema, kinyemela, kwa bei ya kutupa, ili upate pesa ya haraka. Zikivunwa si zako tena. Alianza na pesa ya salfa, jambo linaloeleweka, maana mikorosho isipopuliziwa ubwiri unga unaimaliza. Ikafuata pesa ya sare za watoto. Ikafuata ya pombe. Zamani alikuwa mtu wa viroba, vile vya pakiti za plastiki, na vilipopigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Machi 2017 akahamia kwenye gongo ya mabibo, ambayo sisi tunaiita nipa. Mabibo yakianza kudondoka, uraka, yaani pombe ya maji ya mabibo, unapatikana kila uani kwa bei ya chee, na nipa inakenekwa kutokana na huo huo uraka. Mtu anayetaka kuacha pombe huku kwetu anaachia katikati ya kiwanda.

Nilipofika nilimkuta amekonda, macho ya njano, mkewe ameshabeba watoto amekwenda kwao Newala. Kikao kilikaa jioni ile ile na wazee wakaamua afungiwe ndani mpaka pombe imtoke. Maji apewe, uji apewe, mlango ufungwe. Uamuzi ule ulionekana wa busara na wa bure, na ndiyo maana nausimulia kwa kirefu, kwa sababu najua unafanyika kwenye nyumba nyingi.

Asubuhi ya kwanza dada alimpelekea uji. Kikombe kilikuwa cha bati, na nilikuwa nje nikisikia kinavyogonga meno yake, ta-ta-ta-ta, mpaka uji ukamwagika wote kifuani. Jasho lilikuwa linamtiririka kama ametoka kulima. Usiku akaanza kufukuza siafu ukutani, na siafu hawakuwepo. Bibi akasema ni jini, akataka aitwe fundi. Alfajiri akaanguka degedege, na kijana wa boda wa jirani ndiye aliyesema kwa sauti kwamba huyu akibaki hapa mtamzika. Tulimfunga kwa kanga nyuma ya dereva, mimi nikakaa mwisho kumshikilia.

Baadaye nilielezwa kilichotokea, na ni vizuri kila mjomba akijue. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoesha kwa kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na ule utulivu. Ukiikata pombe ghafla, zile nguvu zinabaki bila breki. Tetemeko na jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege hutokea zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia kwenye mkanganyiko, wanaona visivyoonekana, homa inapanda, na hali hiyo inaua. Hospitali inatibu kwa dawa za kutuliza, nyingi za jamii ya diazepamu, zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo mnywaji wa siku nyingi huwa ameishiwa. Kwa hiyo kama mtu wenu anakunywa tangu asubuhi na mikono inatetemeka asipopata, msimfungie ndani na msimwachishe kwa amri ya kikao. Mpelekeni kwanza hospitali, aache akiwa chini ya macho ya daktari.

Matibabu yalitugharimu mbuzi wawili wa dada na mkopo mdogo nilioukata kwenye mshahara. Alitoka amesafika. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa dawa, tarehe ya kurudi, na ushauri wa kuacha pombe na kula vizuri. Ilikuwa hospitali kubwa yenye watu wazuri, lakini katika siku zote zile hakuna aliyemuuliza anajisikiaje moyoni. Waliitibu pombe, na pombe ilitoka.

Kijijini tukashangilia. Dada alichinja jogoo. Watu walikuja kumpa mkono, sheikh akamwombea dua. Na mpwa wangu akawa mtulivu sana. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba muda mrefu, hajibu salamu mpaka uirudie. Baiskeli alimpa binamu yake. Siku moja akanijia na karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne. "Njomba," akaniambia, "madeni yangu yote yako humu. Wewe unajua hesabu." Nikaifungua. Mwandiko ulikuwa wa kupanga: jina la mchuuzi, kilo, shilingi, tarehe, na chini kabisa kiasi alichotaka wapewe watoto wake. Nilijumlisha kwa kikokotoo cha simu, na jumla yake ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Kwa macho ya karani ilikuwa kazi safi.

Leo nikiona mtu aliyekuwa hoi anagawa vitu vyake, anafunga mahesabu, anaaga watu bila safari, siangalii jumla. Namuuliza maisha yake.

Wiki chache baada ya jogoo yule, habari ikafika kutoka Newala kwamba mkewe harudi na wazee wake wanataka talaka iandikwe. Jioni akanywa, mara ya kwanza tangu hospitali. Usiku huo huo alijaribu kujiua. Mdogo wake alimwahi.

Hapo tukapoteza muda wa thamani kubwa, na sababu yake ilikuwa sheria. Jirani mmoja, mtu mwenye nia njema kabisa, alisimama mlangoni akasema, "Msimpeleke hospitali, mtamfunga. Mpeni maziwa alale." Hakuwa anabuni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Dada alimwangalia jirani, akaniangalia mimi, akasema afadhali nimfuate mwanangu gerezani kuliko makaburini. Tukaondoka. Hospitali walimhudumia kwanza, maswali yakaja baadaye. Askari alikuja akaandika maelezo, akaondoka, na hatukuitwa tena. Siwezi kuahidi kwamba kila mahali itakuwa hivyo. Ninachosema ni kwamba mgonjwa anaanza kuhudumiwa, karatasi za polisi zinafuata. Ghana ililiondoa kosa hili kwenye sheria zake mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Maoni yangu ni kwamba kifungu chetu hakijamzuia hata mtu mmoja kufa. Kazi yake kubwa ni kuwafundisha majirani kusema "mpeni maziwa alale".

Safari hii alipelekwa kwa muuguzi wa afya ya akili. Kijana mpole, ana tabia ya kukaa kimya baada ya kuuliza mpaka unajikuta umejibu. Alitoa karatasi mbili. Moja ina maswali kumi ya pombe, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani: unakunywa mara ngapi, unakunywa kiasi gani kwa siku, umewahi kushindwa kufanya kazi yako kwa sababu ya pombe. Ya pili ina maswali tisa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na la tisa linauliza wazi kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Mpwa wangu alijibu lile la tisa bila kuinua kichwa: karibu kila siku. Tangu lini? Tangu kabla ya kufungiwa chumbani. Muuguzi akaniambia nje, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba karatasi hizi mbili zingepaswa kujazwa siku moja, na mtu mmoja, tangu alipolazwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na swali moja linaloniwasha. Ni pombe iliyomfikisha pale, au ni madeni na mke? Usiku, nikilinda ghala, nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata. Kila mwaka duniani watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua. Pombe peke yake ilihusishwa na vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na ndani ya hesabu hiyo wamo waliokufa kwa ajali, kwa ugomvi na kwa mikono yao wenyewe. Mfaransa Émile Durkheim, msomi wa mambo ya jamii, katika kitabu chake cha mwaka 1897 juu ya kujiua, alilinganisha mikoa ya Ufaransa inayokunywa sana na ile yenye vifo vingi vya kujiua, akaona haviendi pamoja, akaiweka pombe kando. Nikajisemea basi ni madeni. Lakini yeye alipima mikoa, na mkoa haulewi, anayelewa ni mtu. Waliofuata waliangalia maisha ya mtu mmoja mmoja, na kila mahali mraibu wa pombe anaonekana kuwa kwenye hatari kubwa kuliko asiyekunywa. Muungano wa Kisovieti ulipobana pombe kuanzia mwaka 1985 chini ya Gorbachev, vifo vya kujiua vilishuka sana, na kampeni ilipolegea vikapanda tena.

Kilichonifunga mdomo ni utafiti wa madaktari wa akili George Murphy na Eli Robins wa St. Louis, Marekani, wa mwaka 1967. Walichunguza watu waliojiua, wakatenganisha walevi na wenye sonona. Kwa walevi wakakuta jambo linalojirudia: wengi walikuwa wamepotewa na mtu wa karibu, kwa kuachwa, talaka au kifo, na si ajabu ndani ya wiki sita za mwisho. Nilihesabu kuanzia siku mkewe alipobeba watoto mpaka habari ya talaka. Sikuhitaji kikokotoo.

Muuguzi ndiye aliyeniunganishia vipande. Pombe ya miaka mingi huleta huzuni yenyewe; kwa watu wengi huzuni hiyo hupungua wiki kadhaa baada ya kuacha, na isipopungua ni ugonjwa unaojitegemea na unatibiwa kwa dawa zake. Pombe ya usiku mmoja ina kazi nyingine. Inapunguza woga na inabana mawazo, mtu anaona shida iliyo mbele ya pua tu, haoni kesho wala watoto. Na mtu aliyeacha pombe ghafla anaamka akiwa na akili timamu mbele ya kila alichokiharibu, bila ile pombe aliyokuwa anajifichia. Kwa mpwa wangu yote matatu yalikutana jioni moja. Wanywaji walio wengi hawajiui, na nisingependa mtu asome hapa akaanza kumtazama kila mlevi kama maiti. Ila mnywaji aliyeachwa, mwenye deni, anayezungumza kama mtu aliyekwisha kuondoka, huyo asilale peke yake.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuuliza. Kila mzee niliyemshauri alisema ukimtajia kifo utamkumbusha. Watafiti wamelipima hilo: kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumwingizii wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Nilimchukua shambani, tukakaa chini ya mkorosho wa babu yake, nikamenya ming'oko, viazi pori vya huku kwetu, tuliyobeba ili mikono iwe na kazi.

"Mjomba, nikuulize jambo zito. Bado unawaza kujiua?"

Alitafuna kwanza. "Leo hapana. Juzi ndiyo."

"Juzi ilikuwaje?"

"Watoto walipiga simu. Walipokata."

Basi. Hapakuwa na radi. Nilijua sasa kwamba baada ya simu ya watoto mtu aende akakae naye, na mdogo wake akapewa kazi hiyo. Kama wewe unayesoma ndiye unayewaza hivyo, mwambie mtu leo kwa maneno hayo hayo mafupi, na nenda kituo cha afya kilicho karibu ukayarudie. Usisubiri upate namna nzuri ya kuyasema.

Dawa zote za mikorosho tulizihamishia kwenye stoo ya ndugu mwingine, chini ya kufuli, na ufunguo haukukaa nyumbani kwa dada. Vidonge vyake vya sonona alivitunza mama yake, akimpa vya siku. Tuliambiwa mapema kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi, na ilisaidia, kwa sababu wiki ya kwanza alitaka kuvitupa. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, vifo vya kujiua vilishuka kwa kiasi cha theluthi mbili na zaidi. Hamu ya kufa mara nyingi huja kwa wimbi na kupita. Kizuizi cha saa moja ni kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Wapo waliotushauri soba, yaani nyumba za upataji nafuu. Nilikwenda kuiona moja mjini. Ada ya mwezi ilikuwa karibu na mshahara wangu wote. Nikauliza: mhudumu wa afya yuko zamu lini? Akipata degedege usiku mnampeleka wapi? Mmesajiliwa? Mnamuuliza mtu kama anawaza kujiua? Majibu yalikuwa ya kupapasa, na swali la mwisho likachekwa. Nikaondoka. Zipo nzuri, wapo niliowasikia wamepona huko, ila uliza maswali hayo kabla ya kutoa shilingi.

Badala yake nilishika jambo moja la bei nafuu. Shirika la Afya Duniani liliendesha jaribio katika nchi tano, zikiwemo India, Brazili na Sri Lanka, matokeo yakatoka mwaka 2008. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha likafuatiliwa mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kutembelewa. Upande wa huduma ya kawaida walijiua 18. Upande wa kufuatiliwa wawili. Ratiba yao inaanza kwa kukaribiana, wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba, ya kumi na moja, kisha inatawanyika hadi mwezi wa kumi na nane. Niliichora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la mapokezi ya korosho. Muuguzi alichukua tarehe zake, nikachukua zangu, sheikh zake. Sheikh huyu ndiye aliyekuwa akisema kujiua ni dhambi na basi. Baada ya kukaa na muuguzi mara moja alibadilika, akawa anampigia baada ya swala ya isha kumuuliza amekula nini.

Alirudia kunywa, tena si mara moja. Nawaambia ili msivunjike moyo na yenu. Tulikubaliana na dada kwamba siku akinywa hakuna kumkaripia usiku huo, hakuna kutaja mke wala deni, na haachwi peke yake mpaka alfajiri. Maneno yote yanasubiri uji wa asubuhi. Pesa ya korosho tangu wakati huo inaingia kwenye simu ya mama yake kwa makubaliano yao wawili, jambo lililomuudhi mwaka mzima.

Siku hizi mabibo yakianza kudondoka anahamia kwangu Mtwara mjini, anabeba mizigo bandarini mpaka harufu ya uraka iishe kijijini. Korosho zake zinaokotwa na binamu yule yule wa baiskeli, kwa mgawo. Mke hakurudi. Watoto wanakuja likizo. Deni la mwisho la kangomba tulilimaliza msimu uliopita, mchuuzi akahesabu noti zake mara mbili na kugoma kutoa risiti, akisema biashara yake haina vitabu. Nikamwandikia mimi, kwa mwandiko wa karani, akaweka dole gumba.